Jimbo linawalipia watoto wangu chakula cha shule. Mbona bado nadaiwa fomu?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Tulitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na tangu 2019 tunaishi Kent, jimbo la Washington. Nyumbani tuko sita: mimi, mume wangu na watoto wanne. Mume wangu anafanya kazi ghalani, mimi natunza wazee siku tatu kwa wiki, na tukiunganisha tunapata kama dola 68,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Mwaka juzi watoto wote walikula bure. Mwaka jana barua ikasema kipato kimepanda, sasa tuko kwenye bei ya nafuu, lakini mama wa kantini akaniambia nisilipe kitu, jimbo linalipa. Basi mwaka huu sikujaza fomu, nikaona ya nini. Mwezi wa kumi ikaja barua nyingine: mkubwa wangu, yuko darasa la saba, anadaiwa dola 21. Tangu siku hiyo anarudi na njaa, ukimuuliza anasema chakula cha shule hakipendi. Wadogo zake watatu wako shule ya msingi ya jirani, wanakula bure na hakuna aliyeniuliza fomu. Dada yangu aliye jimbo jingine anatozwa senti 40 kwa kila mtoto, kila siku. Na shemeji yangu, aliyefika 2024, anasema nisijaze chochote, mambo ya uhamiaji yamekuwa magumu. Naomba unieleweshe: ni nani analipa, na wanataka fomu ya nini ikiwa chakula ni bure?

JIBU: Dada yangu, pole kwa deni, na pole zaidi kwa huyo kijana anayerudi na njaa. Kabla sijaeleza lolote, naomba ujaze fomu leo. Inapokelewa siku yoyote ya mwaka wa shule, na moja inatosha kwa watoto wote wa nyumba walio katika wilaya hiyo ya elimu. Iko kwa Kiswahili pia. Idara ya kilimo ya Marekani, ndiyo yenye mpango huu, imeitafsiri kwa lugha nyingi, nasi tumo. Ukishaituma, rudi tuzungumze, maana ulichouliza kinawachanganya hata watu waliozaliwa hapa.

Kwa trei moja ya chakula cha mchana, pesa zinaweza kutoka mifuko mitatu: wa serikali kuu, wa jimbo, na wa mzazi. Mwaka huu wa shule wa 2025-26 kiwango cha msingi cha serikali kuu ni hivi: trei ya mtoto wa bure, shule inarudishiwa dola 4.60. Trei ya mtoto wa bei ya nafuu, dola 4.20. Trei ya mtoto wa bei kamili, senti 44 basi. Juu ya viwango hivyo kuna nyongeza ndogo ndogo, lakini hazibadilishi hesabu yetu. Ukitoa 4.20 kwenye 4.60 unabaki na senti 40, na hizo ndizo dada yako anazotozwa. Sheria ya serikali kuu inairuhusu shule kumdai mzazi wa bei ya nafuu mpaka senti 40 kwa chakula cha mchana na mpaka senti 30 kwa kifungua kinywa. Hapo Washington bunge la jimbo lilikuwa limeshafuta malipo ya asubuhi, na ya mchana kwa watoto hadi darasa la tatu. Mwaka 2021 likapitisha sheria ya kufuta ya mchana kwa madarasa yote mpaka la kumi na mbili. Kwa hiyo mama wa kantini alikwambia kweli. Mlipokuwa kwenye bei ya nafuu, serikali kuu ilitoa sehemu yake, jimbo likamalizia senti 40, nanyi hamkutoa kitu.

Sasa tazama kilichotokea mwaka huu. Hukujaza fomu, na bila fomu serikali kuu haina karatasi inayosema mwanao ni wa bei ya nafuu. Mbele yake amekuwa mtoto wa bei kamili, kama mtoto wa daktari. Shule inarudishiwa senti 44 tu kwa trei yake. Jimbo nalo halina pa kuingilia, kwa sababu sheria ile haikusema litamlipia kila mtoto. Ilisema litaziba pengo la mtoto ambaye serikali kuu imeshamkubali kwenye bei ya nafuu. Zile senti 40 za jimbo zinafuata fomu yako. Fomu isipokuwepo, kinachobaki ni bei kamili ya kantini, na hiyo ni yako. Kama kantini yao inauza trei kwa dola 3.50, basi dola 21 ni siku sita tu.

Utauliza, mbona Septemba yote hakuna aliyenidai? Kwa sababu hali ya mwaka uliopita huruhusiwa kuendelea kwa siku 30 za kwanza za masomo. Ni muhula wa huruma, ili mtoto asikose chakula wakati karatasi zinatafutwa. Siku hizo zikiisha na fomu mpya haijaingia, kompyuta inambadilisha mtoto usiku mmoja bila kumwambia mtu. Shule zinafungua mwanzoni mwa Septemba, kwa hiyo siku ya 30 inaangukia katikati ya mwezi wa kumi. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye ofisi za lishe za shule, na kila mwaka mwezi huo simu zilikuwa haziishi: akina mama wa Kisomali, wa Kikongo, wa Kimeksiko, wote na barua ya namna moja mkononi, wote wakisema waliambiwa ni bure. Kwa kawaida fomu hairudi nyuma, kwa hiyo hizo 21 huenda ukazilipa. Lakini piga simu ofisi ya lishe ya wilaya, si ofisi ya mwalimu mkuu, uwaulize kama wana mfuko wa kufuta madeni. Wilaya nyingi hupokea michango ya watu kwa kazi hiyo hiyo, na anayeuliza ndiye anayepewa.

Wadogo zake wako kwenye utaratibu mwingine kabisa. Sheria ya lishe ya watoto ya 2010 iliziruhusu shule zenye watoto wengi wa kipato cha chini kumlisha kila mtoto bure bila kukusanya fomu ya chakula. Wanahesabu watoto ambao tayari wanajulikana kwenye orodha za msaada wa serikali, na wakifika asilimia inayotakiwa, shule nzima inaingia. Zamani asilimia hiyo ilikuwa 40. Tangu Oktoba 2023 imeshushwa hadi 25. Ndiyo maana nyumba moja inaweza kuwa na mtoto asiyeulizwa kitu na kaka yake anayedaiwa, na wote wanapanda basi kituo kimoja. Hakuna aliyekosea hapo, ila si haki kumwachia mzazi aligundue mwenyewe.

Tuje kwa dada yako, na zile senti 40 zilikotoka. Chakula cha shule kiliwekwa kwenye sheria ya nchi nzima mwaka 1946, Rais Truman akatia saini. Baadaye ikaongezwa bei ya nafuu kwa familia zenye kipato kidogo ambazo hazikuwa maskini kiasi cha kupewa bure. Mwaka 1981, wakati wa Reagan, Kongresi ilipokuwa inakata matumizi, ada ya juu ya bei ya nafuu ilipandishwa kutoka senti 20 hadi senti 40, na imesimama hapo mpaka leo. Wakati wa korona serikali kuu ilifungua mlango kwa wote, watoto wa Marekani wakala bure tangu masika ya 2020 hadi Juni 2022, bila kuulizwa mshahara wa baba. Utaratibu huo ulipokuwa unakaribia kwisha, mswada wa kuuongezea muda ulikuwa na kipengele cha kuwalisha bure angalau watoto wa bei ya nafuu kwa mwaka mmoja zaidi. Seneta Rand Paul wa Kentucky akapinga, kipengele kikatolewa ili mswada upite. Tangu hapo kila jimbo linajiamulia. Majimbo tisa yameamua kulisha kila mtoto: California na Maine yalitangulia, kisha Colorado, Minnesota, New Mexico, Vermont, Michigan, Massachusetts, na kuanzia mwaka huu wa shule New York. Mengine, kama lenu, yanafuta ile ada ya bei ya nafuu. Na mengine hayatoi kitu, mzazi anatafuta sarafu.

Kuna watakaosema senti 40 si pesa ya kuandikia sheria. Nimewasikia kwenye vikao. Basi nipige hesabu mbele yako. Senti 40 za mchana na 30 za asubuhi ni senti 70 kwa siku. Kwa siku 180 za masomo ni dola 126 kwa mtoto mmoja, na kwa watoto wanne ni dola 504. Kwa familia inayoishi kwa mshahara wa saa, hiyo ni matairi mawili ya gari na mafuta ya kufikia kazini. Tena hazidaiwi kwa mkupuo ambao mtu angejipangia, zinadaiwa kidogo kidogo, kutoka mkononi mwa mtoto.

Kabla jimbo nililokuwa nafanyia kazi halijafuta ada hiyo, nilikuwa nakwenda mara moja kwa wiki kusimama kwenye foleni ya chakula ya shule moja. Palikuwa na msichana wa darasa la tano aliyekuja kila siku na sarafu nne za senti kumi kumi, zimefungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Alikuwa anaifungua taratibu mbele ya mashine, anazipanga, anaikunja karatasi na kuirudisha mfukoni, bila shaka itumike kesho. Siku moja nilimwona hakupanga foleni. Alikaa kwenye benchi ya ukutani, akafungua kamba za kiatu, akazifunga, akazifungua tena, mpaka foleni ikaisha. Nilipomwendea, karatasi ilikuwa na sarafu tatu. Siku hiyo alikula, mimi nilikuwepo. Nilichojiuliza ni siku ngapi alifunga viatu mimi nisipokuwepo. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie senti 40 ni kitu kidogo.

Minnesota iliifuta ada hiyo mwaka 2014, na miaka tisa baadaye, Machi 2023, ikafika kwenye chakula cha bure kwa wote. Katikati ya miaka hiyo, katika shule moja ya Saint Paul, msimamizi wa kantini Philando Castile alikuwa anajulikana kwa kuwalipia watoto kutoka mfukoni mwake pale akaunti zao zilipokauka. Aliuawa na polisi barabarani, Julai 2016, na mchango ulioanzishwa kwa jina lake ukafuta madeni ya chakula ya maelfu ya watoto. Jimbo linapoweka pesa zake kwenye bajeti, mpishi hahitaji kuchagua kati ya mshahara wake na mtoto aliye mbele yake.

Sasa shemeji. Hofu yake naielewa, na sitaki kuidharau. Lakini fomu ya chakula cha shule haina swali la uhamiaji. Haiulizi mlikujaje, mna kibali gani, wala mna uraia wa wapi. Inataka majina ya watu wa nyumbani, kipato, saini ya mtu mzima, na tarakimu nne za mwisho za namba yake ya Social Security, ile namba ya serikali anayopewa mfanyakazi. Asiye na namba anaweka alama kwenye kisanduku cha kusema hana, na fomu inapita vilevile. Sheria ya 1996, ile ile iliyowanyima wageni misaada mingi, ilisema wazi kwamba mtoto mwenye haki ya kusoma shule ya umma hatanyimwa chakula cha shule kwa sababu ya uraia.

Tena yeye ndiye anayeihitaji kuliko wewe. Familia zinazopata msaada wa chakula wa serikali, ambao hapo kwenu unaitwa Basic Food, watoto wao huingia kwenye chakula cha bure moja kwa moja, majina yanasafiri kwa kompyuta bila fomu. Lakini sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye msaada huo wa serikali kuu mpaka wapate ukaazi wa kudumu, ile tunayoiita kadi ya kijani. Jina likitoka kwenye orodha ya msaada, linaweza kukosekana pia kwenye orodha ya shule mwaka unaofuata. Mtoto hajapoteza haki ya kula, amepoteza njia ya mkato tu, na njia inayobaki ni hiyo fomu anayoikimbia. Mwambie, kama amepata barua ya kufungiwa Basic Food, asingoje Septemba. Watoto wake wakiwa na Apple Health, bima ya afya ya jimbo, nayo inaweza kuwaingiza bila fomu, lakini asiitegemee. Aulize shuleni kama majina yao yameonekana.

Narudi kwako, kwenye kujaza penyewe, maana hapa ndipo watu wetu wanapokosea. Andika kipato cha kabla ya kodi, siyo kile kinachoingia benki. Hesabu kila anayeishi humo ndani na kula chungu kimoja nanyi, hata mtoto mchanga, hata mama mkwe. Usiwahesabu mnaowalisha kutoka mbali. Najua mnatuma pesa Kigoma na Uvira kila mwezi, na najua kwenu hao ni watu wa nyumba moja nanyi, lakini fomu hii haiwahesabu, wala haikuruhusu kupunguza ulichotuma. Linaniuma jambo hili, kwa sababu familia yenye mzigo wa nyumba mbili inaonekana kwenye karatasi kama ina nafasi. Hata hivyo andika ukweli. Kwa nyumba ya watu sita, mwaka huu mpaka wa bure ni dola 56,095 na mpaka wa bei ya nafuu ni dola 79,828. Nyinyi na 68,000 zenu mko katikati, na katika jimbo lenu hapo katikati maana yake ni kutolipa kitu.

Halafu kuna barua moja ambayo huwa inatupwa pamoja na matangazo ya sofa. Kila mwaka wilaya huchagua sehemu ndogo ya fomu, kwa kawaida asilimia 3, na kuomba ushahidi: karatasi za mshahara, basi. Kazi hiyo hufungwa katikati ya Novemba. Familia isiyojibu inaondolewa hata kama iliandika ukweli mtupu. Nimeona watoto wengi wakipoteza chakula kwa barua isiyofunguliwa kuliko kwa kipato kilichozidi. Mwekee mume wako neno hilo, yeye na wewe, bahasha yoyote ya wilaya ya elimu ifunguliwe siku ileile.

Fomu hiyo ina faida hata kwa wale wadogo ambao hawaulizwi. Washington iko kwenye mpango wa chakula cha kiangazi unaoitwa SUN Bucks: dola 120 kwa kila mtoto anayestahili chakula cha bure au cha bei ya nafuu, kwa miezi ambayo shule zimefungwa. Kwa watoto wako wanne ni dola 480. Mtoto aliye kwenye shule inayolisha wote bila fomu huenda asijulikane kabisa, kwa hiyo wadogo zake watatu wanaweza kukosa pesa ambazo kaka yao atapata. Ulizia ofisini fomu ya SUN Bucks. Na huyo mkubwa, hali yake ya bei ya nafuu itamfungulia milango mingine akifika sekondari ya juu. Mtihani wa SAT wa kuombea chuo, kwa mfano, hufanywa bila ada na wanafunzi wa kundi hilo.

Nisikufiche kwamba mpango huu wa Washington una ukingo mkali. Mume wako akiongezewa saa, mkavuka 79,828 kwa dola moja wakati wa kujaza fomu, mtoto hahami kutoka sifuri kwenda senti 40; anahama kutoka sifuri kwenda bei kamili. Kwa nyumba yenye watoto wanne wasio kwenye shule ya kulisha wote, kwa trei ya dola 3, hiyo ni dola 2,160 kwa mwaka, kwa ajili ya dola moja ya mshahara. Mimi nitaendelea kusema kwenye kila kikao ninachoalikwa kwamba mtoto alishwe kwa kuwa yuko shuleni, kama anavyopewa kiti na kitabu. Mpaka hapo, zile senti 40 za jimbo ni msaada wa kweli kwa nyumba kama yenu. Na mkishakubaliwa, hali hiyo inabaki mwaka mzima wa shule hata kipato kikipanda katikati, kwa hiyo asikatae ovataimu ya Februari kwa kuogopa.

Limebaki la kijana wako. Sidhani kama hakipendi chakula. Mtoto wa darasa la saba aliyesikia neno deni likitamkwa na kashia, au aliyeiona barua mezani, anaweza kuamua mwenyewe kwamba hatawaongezea wazazi mzigo. Sheria ya Washington ya 2018 inakataza shule kumwaibisha mwanafunzi kwa deni la chakula: hawaruhusiwi kumtia alama, kumfanyisha kazi, wala kumwaga chakula alichokwisha kupewa, na habari za deni zinapaswa kuja kwa mzazi. Akidaiwa milo mitano au zaidi, shule yenyewe inatakiwa kuangalia kama anastahili na kukutafuta ujaze fomu. Ikiwa kuna mtu alimwambia kitu mbele ya wenzake, liseme kwa ofisi ya lishe, kwa maandishi.

Na jioni hii, kabla ya majibu ya fomu kutoka, kaa naye. Mwambie deni ni la karatasi ambayo mama hakuituma, na sasa imetumwa. Mwambie watoto wote, wa bure, wa nafuu na wa kulipa, wanabonyeza namba zao kwenye mashine kwa namna moja, wala aliye nyuma yake kwenye foleni haoni tofauti. Kesho apange foleni, achukue trei, ale.